Pumu na kifua sugu: spairometa au kipimo cha mkononi?

Mgonjwa wa kifua wa Urambo au Sikonge, akishaambiwa hana TB, hubaki na swali: aende mjini Tabora kutafuta spairometa, mashine ya kupima pumzi, au anunue kipimo cha kupuliza cha mkononi, kinachoonyesha kasi ya pumzi kwa namba?

Kwa kutambua ugonjwa, spairometa haina mpinzani. Hupima hewa inayotoka sekunde 1 ya kwanza na kuilinganisha na yote uliyopuliza. Uwiano ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, huashiria njia hizo zimeziba kwa kudumu, yaani kifua sugu. Waliopikia kuni miaka mingi wasilipuuze hilo, maana moshi huumiza mapafu. Ila mashine ni ghali na inataka mtaalamu wa kukusimamia. Ukipuliza nusunusu, majibu hupotosha.

Cha mkononi ni nafuu, hakitaki umeme, huoshwa kwa maji na sabuni. Unasimama, unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu mara 3 na kuandika namba kubwa, asubuhi na jioni. Kwa kufuatilia pumu kinashinda, maana pumu hupanda na kushuka. Siku ya kliniki waweza kuonekana mzima kabisa.

Hujajua unaumwa nini? Lipa nauli ya mjini. Pumu yako inajulikana na uko Kaliua? Ningeanza na cha mkononi, na namba ikishuka chini ya nusu ya kiwango chako bora (namba ya juu uliyowahi kupuliza ukiwa mzima), tumia dawa yako ya dharura na uwahi hospitali.