Ofisi ya mawakili wa ajali Houston: nyota 4, na habari ya eabegi feki (mfuko wa hewa wa kwenye usukani) iliyomuumiza mume wangu

Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyokata nitaieleza mbele. Naandika Kiswahili makusudi maana wenzangu wengi hapa Houston, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Wabongo, tunapata ajali tunasaini makaratasi hatujui yanasemaje halafu tunakuja kulia baadae. Na hii ya eabegi mbovu watu wengi hawajui kabisa kwamba ni kesi ya peke yake, haihusiani na nani kamgonga nani.

Ilikuwa Septemba 2023. Baba Zuhura anatoka shifti ya usiku, yuko barabara ya Bissonnet anavuka kwenye taa za kijani, kijana mmoja akaingia akampiga kona ya mbele kulia. Ajali ndogo kabisa, yule kijana alishuka hana hata mchubuko, gari letu bampa limepasuka na taa moja basi. Lakini eabegi ya kwenye usukani ilifyatuka na badala ya kumkinga ikapasuka ikarusha vyuma. Kimoja kilimkata taya, kingine kikamwingia chini ya mtulinga wa kushoto, karibu na shingo. Daktari alinionesha hicho cha pili kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha njano. Kipana kama kizibo cha soda, kimejikunja upande mmoja, kingo zake zimechanika kama bati lililokatwa na mkasi butu. Nikamuuliza hiki kimetoka kwenye gari la aliyemgonga? Akaniambia hapana mama, kimetoka kwenye usukani wake mwenyewe.

Siku ya pili tu, bado yuko wodini na mirija, akaja mtu na tableti, anaongea Kiswahili safi kabisa, pole shemeji, pole sana, mi natoka ofisi fulani, saini hapa tukuanzie kesi utapata hela nyingi. Nikamwambia subiri mgonjwa aamke. Baadae ndo nikajua kwamba Texas mtu wa wakili kukufuata hospitali bila wewe kumuita ni kosa la jinai. Kwa hiyo akija mtu hivyo hata kama ni wa nyumbani kwenu hata kama mnasali wote, msisaini.

Ofisi hii ninayoiandikia nilipewa namba na jirani yangu Mburundi. Nilipiga Jumamosi nikijua hawatapokea, wakapokea. Sikuulizwa mgonjwa ana bima gani wala aliyegonga ana bima gani, swali la kwanza kabisa lilikuwa, "Gari liko wapi sasa hivi?" Nikasema bima yetu imesema gari ndo basi, Jumatatu wanaleta brekidauni walichukue watulipe thamani yake. Yule mama wakili akaniambia hilo gari lisiondoke hapo, usisaini kuliachia, usiruhusu mtu afungue usukani, usifagie hata vioo vilivyomwagika ndani, funga milango piga picha. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshatuma barua kwa bima kwamba gari ni ushahidi lisiguswe, na mchana wakaja na lori lao wakalipeleka kwenye stoo yenye paa na kufuli. Jamani, hiyo simu ya Jumamosi ndo kesi yetu yote. Gari likishaenda mnadani kukatwakatwa huna cha kumuonesha jaji, unabaki na kovu na maneno matupu.

Sasa niwaeleze alivyotuelewesha, maana alikaa nasi karibu masaa mawili na mkalimani yuko kwenye simu. (Mkalimani alikuwa anasema "mfuko wa hewa", mume wangu akawa anashangaa mfuko gani, mpaka nikamwambia ni eabegi, basi twende.) Alisema kabla ya kujua unamdai nani lazima ujue kwanza ni eabegi ya nani iliyopasuka, maana kila jibu lina njia yake.

Njia ya kwanza ni Takata. Hii ndo kubwa na ndo tuliyoidhania sisi wote. Takata ilikuwa kampuni ya Japani ya kutengeneza eabegi, waliweka kwenye kile kikopo cha chuma kinachojaza hewa baruti ya amonia naitreti, ambayo ikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi inaharibika, siku ikiwashwa inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kikopo chenyewe kinapasuka vipande. Na joto na unyevu mnalijua la Houston. Marekani peke yake viliitishwa virudishwe vikopo milioni 67 hivi, na serikali imethibitisha vifo 28 hapa nchini. 2017 Takata walikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Detroit, adhabu dola bilioni 1: milioni 25 faini, milioni 850 za makampuni ya magari, na milioni 125 za watu walioumia na familia za waliofariki. Mwaka huo huo wakafilisika. Kwa hiyo huendi kuishtaki Takata kama kampuni nyingine, kuna mfuko uliowekwa, unapeleka madai yako na rekodi za hospitali na ushahidi wa gari. Na hapo hapo alitutoa tongotongo moja kubwa, kwamba zile kesi za pamoja zilizofanyika Miami dhidi ya makampuni ya magari zilikuwa za fidia ya wenye magari kwa hasara ya gari, sio za majeraha. Shemeji yangu alishawahi kupokea barua ya hizo akadhani ndo mwisho wa haki yake, kumbe ni vitu viwili.

Ila wakaingiza namba ya gari letu, zile tarakimu na herufi 17 zinazoonekana kwenye kioo cha mbele chini upande wa dereva, kwenye tovuti ya NHTSA, ile idara ya serikali ya usalama barabarani. Hakuna kitu, gari letu la 2015 halina tangazo lolote la kurudishwa. Mi nikakata tamaa pale pale. Wakili akasema hapana, sasa ndo nina wasiwasi zaidi, tulifungue.

Siku ya kufungua mi nilikwenda, baba Zuhura hakutaka. Fundi wao mtaalamu alivaa glovu, video inachukua, pande zote zimealikwa na bima ya yule kijana pia ilileta mtu. Kitambaa cha eabegi kilikuwa kimeungua matundu pembeni, unaweza kupitisha kidole. Alipotoa mabaki ya kile kikopo akaligeuza kwenye taa, kuna stika ya namba lakini maandishi yamepinda, wino umefifia upande mmoja, na msimbo wake ukipigwa hausomeki. Akaweka pembeni kikopo halisi cha gari la aina hiyo hiyo alichokuja nacho. Hata mi nisiyejua kitu niliona, hivi si ndugu. Chetu kilikuwa feki.

Ikabidi watafute historia. Gari tulilinunua 2022 kwenye yadi ndogo ya magari ya mkononi, tukaambiwa halijawahi kupata ajali. Ofisi ikapekua kwa ile namba ya gari ikapata picha za mnada wa 2021 jimbo lingine, gari letu lile lile, pua imebonyea, na eabegi ya usukani imening'inia nje. Yaani lilishagongwa, likanunuliwa bei ya skrepa, gereji moja ya hapa ikalinyoosha na kuweka eabegi ya bei chee ya kuagiza mtandaoni, likaja yadi. Na taa ya eabegi kwenye dashibodi ilikuwa inawaka ukiwasha gari na kuzima baada ya sekunde chache kama kawaida, kwa hiyo hakuna namna tungejua. Julai 2024, kesi inaendelea, NHTSA wakatoa onyo la kitu hicho hicho, kwamba ndani ya miezi 9 watu 3 wamekufa na 2 wameumia vibaya sana kwa vikopo feki vilivyowekwa baada ya ajali ya kwanza. Wakili alinitumia ule ujumbe saa mbili usiku, nikausoma nimekaa kwenye ngazi ya nje maana sikutaka watoto wanione.

Kwa hiyo njia yetu ikawa ya pili, kushtaki walioliweka na waliouza. Hapa sheria ya Texas ina kizuizi, muuzaji ambaye hakutengeneza bidhaa analindwa, humpati hivi hivi. Lakini milango ipo: kama alijua kasoro, kama yeye ndo aliifunga na hiyo ndo ikaumiza mtu, kama alikudanganya wazi kuhusu bidhaa, au kama mtengenezaji amefilisika au yuko mbali mahakama ya hapa haimfikii. Kwa vile aliyetengeneza kile kikopo hata jina lake hatulijui, ndo walipobana. Ingekuwa ni eabegi ya kiwandani isiyo ya Takata, tungeshtaki kampuni ya gari na ya eabegi moja kwa moja kwa moja ya mambo matatu: muundo wenyewe ni mbovu, imekosewa wakati wa kutengenezwa, au hawakuonya watu wakati walijua.

Na sambamba na hayo bima ya yule kijana aliyegonga ililipa, ila kiwango cha chini cha Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja, kwa upasuaji wa shingo hizo zinaisha haraka. Na kwenye bima yako mwenyewe angalia kitu kinaitwa PIP, kinga ya kulipia matibabu yako bila kujali nani ana kosa, kampuni lazima ikupe angalau dola 2,500 labda kama ulikataa kwa maandishi. Sisi tulikuwa tumekataa. Ilikuwa saini moja katikati ya saini kumi siku tunakata bima, hakuna aliyetueleza.

Muda nao. Texas ni miaka 2 tangu siku ya kuumia, ikipita hata uwe na ushahidi wa dunia nzima wanakufungia mlango. Na kuna mwingine wa miaka 15 tangu bidhaa ilipouzwa na mtengenezaji au muuzaji unayemshtaki, wenye magari ya zamani hapo muwe macho. Majimbo mengine yana hesabu zao, usichukue ya kwangu ukaitumia Ohio. Sisi walifungua mahakamani imebaki miezi 4. Naona walichelewa, mi usingizi ulikuwa haupo, lakini walikuwa wanasubiri ripoti ya maabara.

Sasa nyota niliyokata. Sababu ya kwanza ni pesa. Mkataba ulisema ofisi inachukua asilimia 33 na sehemu ya fidia kama mtamalizana bila mahakama, 40 ikishafunguliwa, hilo nilielewa na linafanana na ofisi nyingine. Sikuelewa kwamba gharama za maabara, za stoo ya gari na za mtaalamu zinakatwa pembeni ya hiyo 40. Halafu hospitali nayo ina haki yake, Texas ukilazwa ndani ya saa 72 baada ya ajali wanaweza kushikilia fidia yako mpaka walipwe. Ofisi ilipambana na hospitali wakapunguza karibu nusu, kwa hilo nawashukuru sana, lakini haya yote nilipaswa kuchorewa kwenye karatasi siku ya kwanza, kwamba ikija dola 100 hii inakwenda huku na hii huku. Niliyajua siku ya hundi. Waulizeni kabla ya kusaini, waandike kwa mkono wao.

Ya pili, msaidizi wa wakili alibadilika mara tatu. Kila anayekuja naanza upya, ilikuwa lini, iliingia upande gani. Mume wangu akikumbushwa anakaa siku mbili haongei. Na mkataba wenyewe ulikuwa Kiingereza tupu, Kihispania kipo, Kiswahili hakuna, wakati nusu ya waliokaa pale mapokezi walikuwa watu wetu. Nimewaambia hili ana kwa ana, wakili ameahidi kuutafsirisha, nitarudi kuandika nikiuona.

Ndugu zangu wa Tanga wameniuliza kwenye simu kama hili linawahusu. Magari mengi huko ni ya mkononi kutoka Japani, Takata ilikuwemo humo pia, na kabla ya kununua unaweza kuangalia namba ya chesesi kwenye tovuti ya kampuni ya gari ya Japani kama lilirudishwa na likatengenezwa. Ila feki haionekani kwenye tovuti yoyote. Muulize fundi unayemwamini afungue usukani akuoneshe, na betri iwe imetolewa kabla hajagusa.

Bima ya yadi ililipa Novemba 2025 baada ya usuluhishi, kiasi siruhusiwi kusema. Gereji bado inabisha, tuna tarehe nyingine ya mahakama. Kile kipande cha chuma kiko maabara kwenye bahasha yenye namba ya kesi. Wakili amesema yote yakiisha tunaweza kukichukua, mi nilitaka kitupwe, lakini baba Zuhura anakitaka.