Stimuleta ya mgongo, mwezi wa 14 sasa: mguu umetulia, kiuno bado
Nimeulizwa sana inbox kuhusu hii kitu, ngoja niandike yote. Nipo Uingereza, miaka ya kubeba boksi ikaniachia diski ya uti wa mgongo iliyochomoka, nikapasuliwa mara 2, kidonda kikafunga vizuri tu ila mguu wa kushoto ukabaki unawaka moto kuanzia kwenye kalio mpaka kisigino, usiku silali, vidonge vinanilevya tu. Ndo nikawekewa stimuleta.

Ni waya mwembamba unaopitishwa mgongoni ukae jirani na uti wa mgongo, unaungwa na kibetri kinachofukiwa chini ya ngozi juu ya kalio, kinatuma umeme mdogo unaovuruga taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo kama zilivyo. Haiponyeshi, diski yangu ipo vilevile.

Kabla ya ya kudumu unawekewa ya majaribio, waya ndani betri nje umeifunga kiunoni, mi nilikaa nayo siku 7 na wanataka maumivu yapungue angalau nusu. Jamani hiyo wiki msiimalizie kitandani!! Nilisimama nikasonga ugali, nikapanda ngazi, nikakaa kwenye basi saa nzima, yaani vile vilivyokuwa vinanitoa machozi ndo nilivipima. Usiku wa 3 nikalala moja kwa moja, mke wangu akaja kunigusa aone kama napumua.

Sasa mabaya. Kwa nafuu niliyopata, mguu naupa 8 kati ya 10, kiuno 4, na hospitali niliyotibiwa hawakuniambia mapema kwamba mara nyingi inatuliza mguu kuliko kiuno, hilo liliniuma sana. Halafu wiki ya 5 niliinama kuokota kiatu cha mtoto, waya ukahama, ule msisimko wa umeme wake, kama sisimizi wanatembea, ukaruka mpaka mbavuni, ikabidi nirudi kupasuliwa urekebishwe. Wakikwambia usiiname, usijipinde, usibebe kizito, sikiliza.

Pesa sikutoa, NHS (huduma ya afya ya serikali huku Uingereza) wanalipa, toka 2008 mwongozo wao unaikubali kwa maumivu ya neva yaliyozidi miezi 6 na tiba nyingine zimeshindwa. Yangu ni ya kuchaji, kila Jumapili nachaji nikiwa nimekaa. Nikiendesha gari naizima. Ukitaka MRI, ile picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, lazima waangalie kwanza aina ya kifaa chako, na uwanja wa ndege natoa kadi yake kabla sijapita kwenye mashine. Desemba naenda Tanga, safari ya kwanza tangu mguu uanze.