TAHADHARI: kuna mtu anauza usukani wa haidroliki wa boti mtandaoni, watu wa Tanga muwe makini sana

Wadau wa boti kuanzia Mkinga, Tanga mjini mpaka Pangani, naombeni mnisome maana hili limenipata mimi na ilibaki kidogo liwapate watu tisa ambao hawakuwa na kosa lolote.

Nina boti ya kutembeza watu, ile ya maboya mawili marefu ya alumini na sakafu juu yake, viti na turubai. Wengi wanaiita pantoni ila sio pantoni ya kuvushia magari kama ya Pangani, hii ni ndogo, ina mashine moja ya hosipawa 115 nyuma. Napeleka nayo wageni kisiwa cha Toten na maji yakipwa napeleka kwenye mafungu ya mchanga. Usukani ulikuwa wa kebo toka siku ya kwanza, na mwaka huu ukawa mzito mno, ukipiga safari mbili bega halinyanyuki, na boti za aina hii zinakaa juu sana ya maji kwahiyo kusi ikikupiga ubavuni inakusukuma kama umetweka tanga, unashinda unaukata usukani kulia kushoto mpaka unafika. Nikaamua niweke wa haidroliki, ule unaogeuza mashine kwa nguvu ya oili badala ya kebo.

Ndo nikakutana na huyu jamaa kwenye magrupu ya kuuza vifaa vya boti. Ana picha nzuri, boksi, pampu, silinda inang'aa, mipira miwili ya kupitishia oili, chupa za oili. Bei milioni moja na laki tatu na nusu, na kwingine kote nilikouliza hakuna alieshuka chini ya milioni mbili na laki mbili. Nilipompigia akaniuliza mashine hosipawa ngapi, boti futi ngapi, kutoka usukani mpaka kwenye mashine kuna umbali gani, yaani maswali yale yale ambayo fundi wa kweli angeuliza. Msije mkadhani ni mtu asiyejua kitu, anajua vizuri kabisa anachouza, na hilo ndo linaniuma zaidi ya hela.

Alisema yuko Kariakoo. Nikamwambia nina mdogo wangu Dar atapita auone mzigo, ghafla mzigo ukawa uko stoo Mbagala, mara mwenye ufunguo wa stoo kasafiri, mara kuna mteja wa Mafia keshatuma hela anausubiri yeye. Mama watoto aliniambia palepale, "baba, rahisi huvunja upishi, achana nae." Sikumsikia. Nikatuma nusu, na jina lililotokea kwenye simu wakati natuma lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza akasema ni wakala wa dukani kwake. Nusu ya pili akataka akishanipa picha ya risiti ya basi. Risiti ikaja na ilikuwa ya kweli, kesho yake jioni nikaenda stendi Kange nikapokea mzigo. Hapa ndo muelewe mchezo wake, huyu sio yule wa kula hela akazima simu. Huyu anakutumia kitu kweli, ili ukienda popote aseme nilimuuzia na akapokea kwa mikono yake.

Chupa za oili zilikuwa ni za maji ya kunywa, hazina karatasi. Nikampigia, akasema ni oili yenyewe kapunguza kwenye pipa ili kunipunguzia bei. Nikakubali. Kijana anaenifungiaga vitu akaufunga siku nzima, tukajaza, tukatoa hewa, tukageuza usukani pale pale gati mwanzo mpaka mwisho na ulikuwa mlaini jamani, kidole kimoja. Nilifurahi mno siku ile.

Siku ya tatu tunarudi kutoka Toten kuelekea Raskazone, watu tisa ndani na watatu ni watoto, maji yanapwa na upepo upo. Nageuza usukani kulia, unazunguka tu. Nikaongeza, unazunguka, boti inaenda moja kwa moja na mbele yetu kuna jahazi limetia nanga, nakadiria mita thelathini hazifiki. Nikasikia harufu ya oili ya breki, mtu yeyote aliewahi kushika gari anaijua, kutazama nyuma sakafu yote karibu na mashine imelowa. Nikaondoa gia, nikapiga rivasi, msaidizi wangu nikampigia kelele aende nyuma, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili akawa anaigeuza yeye kwa nguvu zake huku mimi namwambia kulia, kushoto, kulia tena, naipa mashine moto kidogo kidogo. Tulilipita lile jahazi kwa upana wa kasia. Mama mmoja alikuwa ameshamfunika mtoto wake kwa mwili mzima. Hakuna alieumia, na wote walikuwa na maboya mwilini, ila mimi usiku ule sikulala, na yule mama nilimrudishia hela yake yote na bado sikuweza kumtazama usoni.

Tulipofungua kila kitu ndo tukaona. Ile silinda inayong'aa nilikwangua kwa ukucha pembeni ya nati ikabanduka rangi ya fedha, ya kupuliza. Shafti chini yake ina vishimo vya kutu kama imetafunwa, na shafti inatakiwa iwe laini kama kioo kwasababu kila ukigeuza inapita kwenye sili, ile raba inayozuia oili isitoke, ikiwa na vishimo inaichana. Mipira sio ya haidroliki, ile halisi ncha zake zinakuja zimebanwa kiwandani, hii imebanwa na klipu za bisibisi. Na oili ya breki inaharibu sili za hizi haidroliki, zinavimba na kulainika, usukani wa boti una oili yake maalum. Hata boksi, lilikuwa na jina la kampuni ya Teleflex peke yake huku yeye anauza kama toleo jipya la mwaka huu, wakati jina hilo kwenye usukani wa boti limeachwa zaidi ya miaka 10, wakawa SeaStar, na 2017 SeaStar wakanunuliwa na Dometic. Wenye jina hawana kosa hapo, boksi lao la zamani ndo limejazwa takataka.

Nikampigia, akasema "boss utakuwa umefunga vibaya," akanibloku. Nikapiga kwa simu ya mama watoto akapokea kwa jina jingine kabisa na akaanza kuuliza, mashine yako hosipawa ngapi.

Nimefungua RB polisi, namba yake nimeituma TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, kwenye 15040. Kama na wewe umeshatuma hela leo, piga simu mtandao wako sasa hivi, usingoje kesho. Na kabla ya kutuma, muombe muuzaji video sio picha, ageuze shafti ya silinda karibu na kamera, aoneshe ncha za mipira, aoneshe namba iliyogongwa kwenye pampu, na mtu wako aende aushike. Akianza habari za stoo na ufunguo, acha.

Jambo jingine, na hili nimefundishwa na mzee mmoja fundi wa Sahare baada ya yote haya. Nilikuwa nimesharudisha kebo ya zamani, akaichomoa kwenye mashine, akaisukuma mashine kwa mkono ikiwa peke yake. Nzito. Akaniambia "mwanangu, ingekuwa nyepesi ningesema kebo imekufa, lakini uzito uko huku." Bomba la ekseli pale mashine inapogeukia kulia na kushoto lilikuwa limejaa chumvi na grisi iliyokauka ikawa kama udongo. Akalisafisha, akatia grisi mpya, akarudisha kebo yangu ile ile, elfu arobaini na chai. Fanyeni hicho kipimo kwanza kabla hamjatafuta haidroliki ya mtu yeyote. Bado nitaweka haidroliki, mashine ya 115 inastahili, ila nitaichukua dukani nikiwa nimeishika.

Jamaa anabadilisha majina na namba, kwahiyo msitafute jina. Tafuteni sakafu. Picha zake zote kapigia juu ya tailizi za kijani, na moja ina ufa unaokata kona kwa kona. Jana usiku nimeiona tena hiyo sakafu kwenye grupu la watu wa Bagamoyo, juu yake kuna silinda inang'aa, bei imeshuka mpaka milioni moja na laki mbili.