Spika za sebuleni Dar es Salaam: ipi nimeiweka ya kwanza, na spika za elektrostatiki zinafaa nyumba gani

Mara ya kwanza kusikia spika za elektrostatiki, zile zinazotoa sauti kwa utando mwembamba wenye chaji ya umeme, ilikuwa Upanga, kwenye flati ya mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Nilimpa shikamoo, akanikalisha kwenye kiti alichokitega katikati ya chumba, akaniambia, "Tulia hapo mwanangu, usisogee." Mbele yangu zilisimama paneli mbili pana za wavu wa rangi ya shaba, kila moja juu ya miguu mifupi ya mbao. Ungedhani ni milango ya kabati la mboga la zamani. Akaweka taarabu. Kabla mwimbaji hajatamka neno nilimsikia akivuta pumzi, nikageuka kuangalia nani kaingia.

Tangu siku ile napima spika kwa sauti ya binadamu kwanza. Besi inadanganya kirahisi, hata pipa tupu ukilipiga ngumi lina besi. Sauti ya mtu haidanganyi, kwa sababu tumeisikia tangu tumboni: mama akiita, muadhini alfajiri, konda akiita abiria wa Mbagala. Ikiharibika kidogo tu, sikio linajua. Basi orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, halafu nikaipitisha kwenye mambo ya mji wetu: fukuto, vumbi, chumvi ya bahari, umeme unaopanda na kushuka, na sebule za malumalu.

Nianze na hiyo sebule, maana wengi wanairuka. Nyumba nyingi za Dar siku hizi zina sakafu ya malumalu, kuta za tofali zilizopigwa lipu, dari ya jipsamu na madirisha makubwa ya alumini. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaoning'inia hewani, huo ndio utakaochafua kila spika utakayoleta. Zulia nene mbele ya makochi na pazia zito vitasaidia kuliko kuongeza laki tano kwenye bei ya spika.

Ya kwanza: jozi ya spika za boksi za njia mbili, na ampli yake

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walichapisha muundo wa spika yenye koili ndani ya sumaku, ikisukuma koni ya karatasi. Karibu kila spika inayouzwa Kariakoo leo ni mjukuu wa ile. Ninayoipendekeza ni boksi la mbao lenye koni ya inchi 5 au 6 na twita, kispika kidogo cha sauti kali, juu yake, moja kushoto na moja kulia, zikiwa kwenye stendi ili twita ifike usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Nimeiweka ya kwanza kwa sababu inaisema sauti ya mtu vizuri, inavumilia fukuto, na ikiharibika fundi wa mtaani kwako anaijua. Kwa nyumba nane kati ya kumi ninazozifahamu ndiyo jibu, na sioni haja ya kumzungusha mtu.

Hela ikiwa ndogo, nenda kwenye mtumba. Spika za Ulaya za miaka ya themanini na tisini bado zinapiga vizuri mno, lakini zikague. Mimi niliwahi kununua jozi bila kufungua kitambaa cha mbele, muuzaji akinihakikishia, "Boss, hii mali safi, chukua tu." Nilifika nayo nyumbani ikiimba. Baada ya wiki tatu ikaanza kukoroma. Nilipotoa kitambaa, sponji inayozunguka koni ilikuwa inamomonyoka kidoleni kama kashata iliyokaa siku nyingi. Sponji hizo huoza zenyewe kwa miaka, na joto la pwani linazimaliza haraka zaidi. Fundi wangu wa Sinza alizibadilisha zote mbili, na jozi hiyo ndiyo ninayoisikiliza ninapoandika. Ila ningejua mapema ningepunguziwa bei.

Kwa hiyo dukani toa kitambaa, bonyeza sponji taratibu kwa kidole. Mpira halisi hudumu zaidi ya sponji, ukiupata uchukue. Beba betri ndogo ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya: ukigusisha pale waya zinapoungwa nyuma ya spika kwa sekunde moja, koni inatakiwa isogee bila kukwaruza. Kisha cheza wimbo na utege sikio kwenye kila twita, kushoto na kulia.

Ampli ya mtumba kutoka Japani ina mtego wake. Umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka, la sivyo utaiunguza siku hiyohiyo. Ikibidi, nunua na transfoma ya kushusha. Na ukiunganisha, waya mwekundu uende kwenye nyekundu pande zote mbili. Ukipishanisha upande mmoja besi itapotea, na utamlaumu muuzaji bure.

Ya pili: elektrostatiki ya mseto

Hapa ndipo moyo wangu ulipo: paneli ya elektrostatiki, na boksi la koni la kuisaidia kwenye besi.

Ndani ya paneli hakuna koili wala koni. Kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umewambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya mabati mawili yenye matundu, ukiachana nayo kwa milimita chache tu. Utando unapewa chaji ya volti elfu kadhaa. Muziki kutoka kwenye ampli unapandishwa na transfoma hadi volti maelfu, unapelekwa kwenye mabati: moja linavuta, jingine linasukuma, halafu yanabadilishana. Utando wote unasogea kwa pamoja, na kwa kuwa hauna uzito wa kusema, unaanza papo hapo na kusimama papo hapo. Ile pumzi niliyoisikia Upanga ilitoka humo. Koni nzito inachelewa kidogo kuondoka na inachelewa kutulia, na katika kuchelewa huko vitu vidogo kama pumzi, ulimi, na kucha kwenye nyuzi za udi vinafunikwa.

Aliyeifanya ikae sebuleni kwa watu wa kawaida ni Mwingereza Peter Walker wa kampuni ya Quad. Spika yake ya kwanza ya aina hii iliingia sokoni mwaka 1957, na ndiyo ile ya mzee wa Upanga. Ugumu wa paneli pana ni kwamba sauti kali zinatoka kama mwanga wa tochi: ukisogea kidogo, unazikosa. Walker akaanza kulishughulikia hilo mwaka 1963, na spika iliyofuata, ESL-63, ikauzwa mwaka 1981. Miaka 18! Alichofanya ni kuligawa bati katika pete, moja ndani ya nyingine, na kila pete ya nje ikapokea muziki kwa kuchelewa kidogo kuliko ya ndani. Mawimbi yanatoka kama duara za jiwe lililodondoshwa kwenye maji matulivu, na sikio linaamini kuwa sauti inatoka kwenye nukta moja nyuma ya spika.

Kuna ugumu wa pili, nao ndio uliozaa mseto. Paneli haina boksi, kwa hiyo inapiga mbele na nyuma sawasawa. Kwenye besi mawimbi ya nyuma yanazunguka pembeni na kuyafuta ya mbele. Ukitaka besi kwa paneli peke yake, uwe na paneli kubwa kama mlango. Wamarekani wa MartinLogan, kampuni iliyoanzia Kansas miaka ya themanini, wakaipinda paneli ili itawanye sauti kali, na wakaweka boksi la koni ya kawaida chini yake lishughulikie besi. Ndiyo maana kwa Dar naweka mseto juu ya paneli tupu: nyimbo zetu, kuanzia gitaa la besi la Sikinde hadi singeli, zinahitaji kitu cha kusukuma hewa.

Sasa fukuto. Kwa mzee yule nilirudi mwezi wa Aprili, masika yamekolea, madirisha wazi. Katikati ya wimbo paneli ya kushoto ikaanza kutatarika, mlio uleule wa mafuta ya vitumbua yakidondokewa na tone la maji. Mzee akainuka akazima haraka. Hewa yenye unyevu inaivujisha chaji. Kwanza sauti inapungua nguvu, kisha cheche zinaruka kati ya utando na bati, na cheche zikiachiwa zinatoboa utando. Vumbi linaongeza balaa, maana utando wenye chaji unalivuta, na chumvi ya upepo wa bahari inakula viungio.

Kwa hiyo spika hizi zinahitaji chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, au mashine ya kukausha hewa, madirisha yafungwe, na jiko liwe mbali. Ukiwa Msasani au Kigamboni karibu na maji, usijaribu bila hivyo. Ziache mita moja au zaidi kutoka ukuta wa nyuma. Ziwe kwenye stabilaiza, kwa kuwa kila spika inachomekwa kwenye umeme wake yenyewe ili kupata chaji. Vumbi litolewe kwa mashine ya kufyonza baada ya kuchomoa umeme na kusubiri saa kadhaa. Na fundi asiyezijua asifungue nyuma, hata kama ni hodari wa televisheni. Volti elfu kadhaa hubaki humo hata baada ya kuchomoa.

Ampli nayo si yoyote. Kwenye sauti kali mno ukinzani wa paneli unashuka, nyingine hadi chini ya omu 2, na ampli nyepesi inachemka na kujizima. Muulize muuzaji kama ampli yake inavumilia omu 2. Akisitasita, tafuta nyingine.

Bei ya jozi mpya ni ya kununulia pikipiki kadhaa, na mara nyingi utaagiza nje. Kwenye hesabu weka usafirishaji wa makatoni mawili marefu, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya jumla hiyo yote. Hakikisha ni za volti 230. Kabla ya kulipa, ulizia kwa mtengenezaji kama paneli za akiba za modeli hiyo bado zinapatikana, maana paneli huchoka. Ukinunua zilizotumika, cheza wimbo wa mwimbaji mmoja anayetakiwa kusikika katikati: sauti yake ikivutia upande mmoja, badilisha nyaya za kushoto na kulia. Udhaifu ukibaki kwenye spika ileile, paneli imechoka, na bei ishuke kwa thamani ya paneli mpya.

Ya tatu: paneli za sumaku

Jim Winey, mhandisi aliyekuwa kampuni ya 3M, alianzisha kampuni ya Magnepan huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969. Utando wake una nyaya nyembamba, na karibu yake kuna safu za sumaku. Hauna volti kubwa, hauchomekwi ukutani, na fukuto haliutatarishi. Sauti ya mtu iko karibu sana na ya elektrostatiki. Zinakula nguvu nyingi za ampli na zinataka nafasi nyuma yake vilevile. Kwa mwenye sebule kubwa ya Tabata au Mbezi isiyo na kiyoyozi, ningemwambia achukue hizi.

Ya nne: elektrostatiki tupu

Kwa sauti ya mtu peke yake hii ingekuwa juu ya zote. Taarabu, kaswida, tilawa, kwaya isiyo na vyombo, hakuna kinachoifikia. Nimeishusha kwa sababu besi yake ni ya adabu, haitaki kupigwa kwa nguvu, na mwenye kufaidi ni mmoja aliyekaa katikati. Familia ikijazana kwenye makochi kuangalia mechi, waliokaa pembeni wanapata nusu.

Ya tano: saundbaa

Hili boksi refu jembamba la chini ya televisheni linafanya maneno ya taarifa ya habari yasikike kuliko spika za televisheni yenyewe. Kama shida yako ni hiyo tu, nunua ya bei ya kati na usilipie zaidi.

Ya sita: sabufa

Hii ndiyo iliyopo kwenye nyumba nyingi kuliko zote. Kwa shughuli ya uani, ngoma ikichezwa na watu wako wima, inafanya kazi yake. Usiinunue kwa namba za wati zilizoandikwa kwenye katoni. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Ikila wati 60, haiwezi kutoa muziki wa wati elfu kumi, hata ziandikwe kwa wino wa dhahabu. Muuzaji akikufungulia besi hadi meza itikisike, mwombe aishushe na aweke wimbo wa mtu anayeimba na gitaa moja, usikilize kama unashika maneno.

Na kama ndiyo uliyonayo tayari, jaribu hivi leo usiku: rudisha besi hadi robo, toa vispika vidogo juu ya kabati, viweke usawa wa masikio yako vikiachana mita mbili, viangalie kwenye kochi, halafu rudia wimbo unaoujua kwa moyo.