Kipimo kidogo cha upepo kilichonitoa kwenye matope ya Kano

Nimekitumia kipimo hiki misimu mitatu. Ni kipimo cha upepo wa tairi chenye uso kama wa saa na mpira mfupi, na kinasoma kutoka 0 hadi 30 psi tu (psi ndicho kizio cha presha ya upepo). Nilikinunua Kisumu, duka la spea, kwa shilingi 1,600. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kuulizia matairi mapya ya trekta. Kijana wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, hayo uliyonayo unayajaza ngapi?" Sikuwa na jibu.

Nalima ekari nne karibu na Ahero, kwenye tambarare za Kano, kwenye udongo mweusi. Anayeujua udongo huu hahitaji kuelezwa. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ya Machi ikipiga siku tatu unavimba na kunata, ukitembea unabeba shamba kwenye gambuti. Trekta langu ni dogo, lilitoka Japani likiwa limetumika, nguvu ya farasi 22, na magurudumu yote manne yanavuta. Matairi ya nyuma ni ya saizi 8-18, yenye meno marefu ya shambani, na meno hayo bado ni mazima. Hata hivyo kila msimu lilikuwa linazama palepale upande wa chini. Meno yanajaa tope, tairi linabaki laini kama mtungi, linasota tu huku linajichimbia shimo. Mara mbili lilitolewa na ng'ombe wa jirani kwa mnyororo.

Nilipofika nyumbani na kipimo, matairi ya nyuma yalisoma 28. Nilikuwa nayajazia kwa fundi wa pancha barabarani, kwa kompresa ile ya malori ambayo saa yake inafika 160. Saa ya aina hiyo haiaminiki kule chini kabisa, sindano ikiwa ndiyo kwanza inainuka. Na fundi amezoea malori, hujaza mpaka tairi lilie likigongwa. Kwa lori ni sawa. Kwa trekta langu palepale ndipo palipokuwa na kosa.

Nguvu ambayo tairi linakandamizia ardhi haiko mbali na presha ya upepo uliomo ndani yake. Ukipunguza upepo, tairi linalala na kurefusha unyayo wake, meno mengi yanashika kwa pamoja, na uzito unaenea badala ya kudidimia mahali pamoja. Isitoshe, tairi likijikunja kidogo kila linapogusa chini, meno yanafunguka na kutema tope.

Sikutaka kuamini kwa macho tu. Nilitia alama ya chaki ubavuni mwa tairi, nikaendesha trekta tupu mpaka tairi likazunguka mara 10: mita 29. Nikashusha plau, upepo ukiwa 28, mizunguko 10 ikanipa mita 20. Yaani karibu theluthi ya dizeli yangu ilikuwa inaishia kwenye kuteleza! Nikapunguza hadi 12, nikarudia kwenye mstari wa pembeni: mita 25. Utelezi umeshuka hadi karibu asilimia 14. Kuteleza kidogo hakuepukiki shambani, na kiasi kati ya 8 na 15 ndicho kinachotakiwa. Nilikaa kwenye tuta nikapiga hesabu upya mara mbili, kwa furaha.

Upepo mdogo nao una mpaka wake. Nilijaribu 8, na kwa mvuto wa plau rimu ikazunguka ndani ya tairi, ikang'oa vali ya tyubu. Siku hizi nina mstari wa rangi unaopita kwenye tairi na rimu. Mistari ikiachana, naongeza upepo papo hapo. Soma pia kitabu cha trekta lako au maandishi ya ubavuni mwa tairi kabla ya kushusha. Na kama lako linavuta kwa yote manne, usiguse ya nyuma tu ukasahau ya mbele, maana ukubwa wa mzunguko unabadilika na gia zinaanza kushindana.

Kabla ya kutoka na tela kwenda sokoni narudisha upepo kwa pampu ya mguu. Tairi lege kwenye lami, likiwa na mzigo, linachemka ubavuni.

Baadaye nilijaza maji matairi ya nyuma, lita 45 hivi kila moja, vali ikiwa juu kabisa, kiwango kikifika robo tatu. Huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha, maji ya kisima yanatosha. Kwenye haro, chombo cha kuvunjia madongoa baada ya plau, uzito huo umenisaidia sana. Ila mwenye majaruba ya mpunga asiniige: kwenye tope lenye maji yaliyosimama uzito unakuzamisha zaidi, na pale magurudumu ya chuma ndiyo yenye kazi.

Maji hayo ndiyo yaliyoniharibia kipimo cha kwanza. Nilipima vali ikiwa chini, maji yakapanda kwenye mpira, sindano ikakwama kwenye 9. Muuzaji hakunieleza hilo, na kwenye pakiti halikuandikwa. Cha pili kina miezi kumi na kinafanya kazi, ingawa kioo kinapata ukungu asubuhi za baridi. Asubuhi ndiyo saa ya kupima, kabla jua halijapasha tairi, kwa hiyo ukungu huo unanikera kweli. Nakipa nne kati ya tano.

Mvua ya Machi ikianza nitashusha hadi 11 upande ule wa chini, nione kama mstari wa rangi utabaki mahali pake.