TAHADHARI: Wanaouza "hati za talaka" mitandaoni, na njia halali ya kupata nakala mahakamani

Ndugu zangu, kuna matangazo yanazunguka hapa Tanzania kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook na Instagram: "Tunatoa hati ya talaka ndani ya saa 24, huna haja ya kufika mahakamani, tuma majina na picha ya kitambulisho cha NIDA." Mmoja anajiita karani wa mahakama, mwingine wakili, mwingine "wakala wa RITA", ile taasisi ya serikali inayosajili ndoa na talaka. Kaeni nao mbali. Hati ya talaka hutoka kwenye jalada la shauri lililosikilizwa na kuamuliwa. Pasipo jalada hakuna nakala, na anayekuahidi nakala bila kukuuliza shauri liliamuliwa mahakama gani anakuuzia karatasi ya kughushi.

Wanaonaswa zaidi ni watu wenye haraka. Anayetaka kufunga ndoa nyingine bomani anatakiwa kutoa taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, na aliyewahi kuoa au kuolewa ataulizwa ndoa ya kwanza iliishaje. Mwingine ana maombi ya viza. Mwingine anauza nyumba na mnunuzi amegoma kulipa hadi aone ridhaa ya mwenza au uthibitisho kwamba mwenza hayupo tena. Vishoka, yaani hawa mawakala wa uongo, wanaijua haraka hiyo na ndiyo wanayoichezea.

Mchezo wenyewe unaanza na kiasi kidogo kinachotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Halafu inakuja "ada ya kuvuta faili", kisha "ada ya muhuri", kisha "mheshimiwa anataka chake". Mwisho ama simu inazimwa, ama unaletewa karatasi yenye nembo ya taifa na muhuri wa bluu unaopendeza macho. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu ukiiwasilisha popote wewe ndiye mtumiaji wa nyaraka ya kughushi, na Kanuni ya Adhabu inamshika mtumiaji kama inavyomshika mtengenezaji. Na kama ndoa yako ya kwanza haikuvunjwa na mahakama, mwanamke aliyefunga ndoa nyingine kwa karatasi hiyo ndoa yake mpya ni batili. Mwanaume ambaye ndoa yake ilikuwa ya mke mmoja hali ni hiyohiyo.

Utapeli huu unashamiri kwa sababu wengi hatutofautishi karatasi zinazohusika. Kwa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa huvunjika kwa amri ya mahakama. Karatasi ya kwanza kwenye mlolongo ni cheti cha Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, yaani ile Fomu Na. 3 inayotolewa na baraza la kata, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au baraza la kanisa. Inasema tu kwamba usuluhishi umeshindikana. Wapo watu wanaoitunza kabatini miaka na miaka wakiamini wameshaachana, na wapo vishoka wanaoiuza kwa jina la "talaka ya BAKWATA". Hiyo ni tiketi ya kuingilia mahakamani tu, na shauri likitakiwa kufunguliwa, cheti kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua. Talaka iliyoandikwa na mume kwa mkono wake ina nafasi yake katika dini na mahakama inaweza kuizingatia, lakini peke yake haitoshi kisheria.

Baada ya hapo kuna hukumu, ambayo inaeleza ushahidi na sababu. Kisha kuna amri ya talaka, wengine huiita tuzo, karatasi fupi inayotamka kwamba ndoa imevunjwa. Ofisi nyingi zikisema "leta hati ya talaka" zinamaanisha hii. Mwisho kuna usajili RITA, ambako Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka huandikisha talaka kwa kutegemea amri ya mahakama. RITA haivunji ndoa, kwa hiyo hakuna "cheti cha RITA" kinachoweza kupatikana bila amri kutangulia. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama zake za Kadhi. Haya ninayoeleza ni ya Bara.

Sasa njia ya halali. Kazi kubwa ni kujua shauri liliamuliwa wapi, kwa sababu Sheria ya Ndoa imeruhusu mashauri haya kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Usidhani wote walioishi Kinondoni mashauri yao yako Kinondoni. Dar es Salaam kuna pia Kituo Jumuishi cha mahakama cha Temeke kinachoshughulikia masuala ya familia tangu 2021. Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilizaliwa 2012, kwa hiyo shauri la zamani litakuwa limeandikwa kwa jina la mkoa wa wakati ule.

Nenda masjala ya mahakama, yaani ofisi inayotunza majalada, ukiwa na majina kamili ya wote wawili kama yalivyoandikwa wakati wa shauri, mwaka hukumu ilipotolewa, na namba ya shauri kama unayo. Kama huna namba, karani atapekua rejista ya mwaka husika. Hapa ndipo majina yanapoangusha watu: mke aliandikwa kwa jina la baba yake, wewe unatafuta kwa jina la mume; au "Mwajuma" iliandikwa "Mwanajuma". Mpe karani kila namna ya jina unayoikumbuka, na mwombe aangalie pia miaka iliyotangulia hukumu, kwa kuwa shauri husajiliwa kwa mwaka lilipofunguliwa, si mwaka lilipohukumiwa.

Kama shauri lilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, jaribu kwanza kutafuta kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako hukumu za mahakama hizo husomwa bure. Juu kabisa ya hukumu ya rufaa, chini ya majina, mara nyingi huandikwa rufaa hiyo ilitoka mahakama gani na shauri namba ngapi la mwaka gani. Nakili mstari huo, umemaliza nusu ya kazi. Soma pia hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu rufaa huweza kutengua talaka iliyotolewa chini. Lakini angalia: vishoka nao wanaijua TanzLII. Wanachapa hukumu kutoka huko, wanagonga muhuri waliouchonga mtaani na kukuuzia kama nakala ya mahakama. Maneno ndani ni ya kweli, uthibitisho ni wa uongo, na ofisi itakayopiga simu masjala itaigundua.

Ukishalijua shauri, andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo. Kwa Mahakama Kuu andika kwa Naibu Msajili wa kanda. Taja majina ya wadaawa (pande mbili za shauri), namba na mwaka wa shauri, tarehe ya hukumu, unachoomba na sababu. Kuhusu unachoomba, kuwa mahususi: "nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya amri ya talaka". Ukiandika "naomba nakala ya kesi" unaweza kupewa mwenendo wote wa shauri, kurasa nyingi usizozihitaji, na amri yenyewe isiwemo. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Kama hukuwa mdaawa au unamwakilisha ndugu aliye mbali, leta hati ya uwakilishi, la sivyo utarudishwa, na ni haki urudishwe.

Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrol namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Kabla ya kuweka namba ya siri kwenye simu, soma jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu badala ya taasisi, simama hapohapo. Ukishalipa, dai stakabadhi. Mtumishi yeyote anayekwambia "nipe mkononi nikuharakishie" anaomba rushwa; TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

Jalada likikosekana usikate tamaa wala usikimbilie mtaani. Mara nyingi liliitwa mahakama ya juu kwa rufaa au ukaguzi na halijarudi, au lilihamishiwa ghala la kumbukumbu. Omba kwa barua ujibiwe kwa maandishi kwamba jalada halijaonekana, kisha mfuate Hakimu Mfawidhi mwenyewe, na baadaye mahakama ya juu yake. Yawezekana pia shauri liliondolewa au lilitupwa bila talaka kutolewa, au mahakama iliamuru kutengana tu. Hapo hakuna nakala ya kutafuta, na hakuna kishoka anayeweza kuibadili hali hiyo. Unaanza na baraza.

Kwa wanaopokea hati hizi, yaani wafungisha ndoa na wanunuzi wa nyumba, tazameni yafuatayo. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo iliyoandikwa kwa Kiingereza kama nakala ya asili ina walakini mkubwa, kwa sababu mahakama hizo huendesha mambo yake kwa Kiswahili. Kiingereza huja baadaye kama tafsiri tofauti. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya miaka ya 2000 inayotaja wakili wa mdai ni ya kutilia shaka, kwani mawakili walianza kuruhusiwa huko kwa marekebisho ya 2021. Hukumu za zamani za mahakama hizo zinatakiwa kuonyesha hakimu na washauri wasiopungua wawili. Linganisha tarehe ya ndoa na tarehe ya kufungua shauri: talaka haiombwi kabla ya miaka miwili ya ndoa bila kibali cha mahakama. Angalia kama wilaya iliyotajwa ilikuwepo mwaka huo; "Wilaya ya Ubungo 2009" haikuwepo. Kagua kalenda, maana hukumu zenye tarehe ya Jumapili zinauzwa. Na inamisha karatasi kwenye mwanga: muhuri uliogongwa kwa mkono una wino uliokolea upande mmoja na kufifia upande mwingine, na unapita juu ya sahihi au maandishi. Ule uliochapwa na printa una rangi sawasawa kila mahali.

Hata hivyo macho hudanganywa. Uthibitisho wa uhakika ni kuandikia masjala ya mahakama iliyotajwa, ukitaja namba ya shauri, na kuuliza kama amri hiyo imo kwenye jalada. Mwenye hati ya kweli hana sababu ya kukuzuia.

Kama umeshatuma pesa, usifute mazungumzo. Hifadhi ujumbe, namba na muamala, toa taarifa polisi, na ripoti namba ya tapeli kwa 15040. Piga simu kwa mtandao wako wa simu mapema ujaribu kuzuia muamala. Kama ulituma picha ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako na uende kufunga usiyoitambua. Kama karatasi ya bandia tayari iko mkononi mwako, usiipeleke ofisi yoyote "kujaribu bahati". Kama umeshaiwasilisha, muone wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla hujaitwa kuhojiwa.