Jioni ya kokteli za mimea: niliuliza kuna kwinini kiasi gani, nikachekwa

Nililipa pesa kwenda kwenye jioni ya baa, ya kuonja kokteli na kusimuliwa historia ya mimea iliyomo. Nianze na glasi ya tatu, maana ndiyo iliyoharibu jioni yote. Nikifuata mpangilio nitajikuta nasifia mambo ambayo kwa sasa sina moyo wa kuyasifia.

Ilikuwa jini na toniki. Toniki yenyewe haikutoka kwenye chupa ya kiwandani. Walijipikia kwa kuchemsha unga wa magome ya mkwinini, mti unaotoa kwinini, ile dawa chungu ya malaria, pamoja na maganda ya limau, mchaichai na sukari. Ililetwa mezani ikiwa ya kahawia, imevurugika, na chini ya glasi umetuama unga. Mwongozaji wa jioni hiyo akaagiza taa zizimwe, akatoa tochi ya mionzi ya urujuanimno, akaimulika glasi yake, nayo ikang'aa buluu. Ukumbi mzima makofi. "Hiyo ndiyo kwinini," akasema. "Mnaiona kwa macho yenu wenyewe."

Ni kweli, kwinini hung'aa hivyo ikipigwa na mionzi hiyo. Lakini hung'aa vilevile ndani ya toniki ya dukani, ambayo kwinini yake ni kidogo sana. Mng'ao unakuambia kwamba ipo, haukuambii ipo kiasi gani. Basi nikauliza, tena kwa adabu: glasi hii moja ina miligramu ngapi?

Akacheka. "Dada, hapa ni baa, si maabara."

Nikamwuliza kama angalau ule unga waliupima kabla ya kuuchemsha, na kama waliuchuja. Akanijibu huku akiwatazama wengine, mimi nimeshageuka mfano wa kuchekesha hadhira: "Watu wamekunywa magome haya karne nne, na hawakuwa na mizani."

Hapo mzee mmoja aliyekaa kando yangu akainua mkono. Alizungumza kwa sauti ya chini, ilionekana hapendi mambo yake yajulikane na meza nzima. "Kijana, mimi natumia dawa za mapigo ya moyo. Hiki kitanifaa?"

"Mzee wangu, kama unaogopa mimea tutakuletea maji."

Wakacheka tena. Mzee akaisogeza glasi pembeni na hakusema neno lingine mpaka tunaondoka.

Ninaandika hivi mikono ikinitetemeka. Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule. Kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na inagongana na baadhi ya dawa za moyo na za kuzuia damu isigande. Ikizidi mwilini masikio huvuma, kichwa huuma, tumbo huchafuka, macho huona ukungu. Madaktari wanaijua hali hiyo miaka mingi, na ina jina lake katika vitabu vya tiba. Ndiyo maana toniki inayouzwa Marekani hairuhusiwi kuzidi miligramu 83 za kwinini kwa lita. Mtu anayetibiwa malaria kwa kwinini hupewa mamia ya miligramu kwa dozi moja, lakini huyo ni mgonjwa, na kuna mtu anayemwangalia. Sisi tulikuwa wateja tuliotoka kustarehe, tukapewa kitu ambacho aliyekipika hakujua kina nguvu kiasi gani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba historia aliyotusimulia yeye mwenyewe ilikuwa inamsuta. Alituambia habari za Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyepeleka mbegu za mkwinini London mwaka 1865. Serikali ya Uingereza ikazikataa, Waholanzi wakanunua sehemu yake, wakazipanda Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, na miaka iliyofuata Java ikaja kushika sehemu kubwa mno ya biashara ya kwinini duniani. Akaisimulia kama hadithi ya bahati. Lakini kwa nini mbegu zile zilikuwa na thamani? Kwa sababu magome ya miti yake yalikuwa na kwinini nyingi kupita kiasi ukilinganisha na mikwinini mingine. Maana yake ni kwamba gome na gome hayafanani. Kijiko kimoja cha unga wa mti huu kinaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya kijiko cha mti ule. Huwezi kulikisia gome kwa jicho, wala kwa ulimi, wala kwa tochi.

Hilo ndilo lililowasumbua watu tangu gome lilipovuka bahari kutoka milima ya Andes, Amerika Kusini. Katika karne ya 17, Mwingereza mmoja, Robert Talbor, alipata umaarufu mkubwa kwa dawa yake ya homa. Aliwatibu wafalme. Hadharani aliwatahadharisha watu dhidi ya gome lile, kumbe ndilo alilokuwa akilichanganya na mvinyo. Louis wa 14 wa Ufaransa alilazimika kuinunua siri hiyo, na umma haukuijua mpaka Talbor alipofariki mwaka 1681. Gome ndani ya mvinyo! Kama kuna hadithi inayostahili kusimuliwa mbele ya glasi ya kokteli, ndiyo hiyo, na mwongozaji wetu hakuigusa. Halafu mwaka 1820, mjini Paris, wanakemia Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou wakafanikiwa kuitoa kwinini ndani ya gome ikiwa peke yake. Kuanzia hapo daktari aliweza kupima anachompa mgonjwa. Kazi yote ile, miaka yote ile, ilikuwa kutafuta jibu la swali ambalo mimi nilichekwa kwa kuliuliza.

Na kuna jina lililorukwa. Ledger hakuokota mbegu zile mwenyewe. Zilikusanywa na Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia wa kabila la Aymara, mtu aliyeweza kuutambua mti bora kwa kuutazama msituni, akasubiri misimu mpaka upatikane mwaka ambao baridi haijaua mbegu. Baadaye alikamatwa nchini mwake, akapigwa vibaya gerezani, akafa. Kinywaji kilichokuwa mkononi mwangu kimepita kwenye mikono ya mtu huyo. Mwongozaji alisema tu "msaidizi wake mwenyeji," kisha akaendelea na mambo ya barafu. Ukinialika kwenye jioni ya historia ya mimea na ukachukua pesa yangu kwa jina la historia, nina haki ya kulisikia jina la Mamani.

Mimi nilikuwa nimeshakunywa zaidi ya nusu kabla ya yote haya. Usiku masikio yalinivuma, mlio mwembamba usiokoma, ukapotea alfajiri. Siwezi kuapa kwamba ni ile toniki. Muziki pia ulikuwa juu. Wala sitaki kumzulia mtu. Lakini kama wangejua kiasi walichotia, leo nisingekuwa nakisia.

Sasa, haki itendeke. Yapo mazuri, na moja nitalikumbuka.

Glasi ya kwanza ilikuwa na maua ya bluu ya ule mmea mtambaao wa jamii ya kunde. Ukikamulia ndimu, bluu inageuka zambarau kisha waridi, kwa kuwa rangi ya ua hilo hubadilika likikutana na asidi. Inapendeza, haina ladha kubwa, tuendelee. Ya pili ilikuwa ramu na ndimu, pamoja na maelezo ya mabaharia na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Walimtaja daktari wa meli James Lind na jaribio lake la mwaka 1747 melini, pale ambapo kati ya mabaharia 12 wagonjwa ni wale waliopewa machungwa na malimau waliopata nafuu haraka. Hawakutaja kwamba jeshi la maji la Uingereza lilikaa mpaka mwaka 1795 ndipo likaagiza maji ya limau kwa mabaharia wake. Karibu miaka hamsini, na watu wanakufa. Ningetaka lisemwe, ila sikukasirika. Kinywaji kilikuwa safi, ndimu mbichi, sukari kwa kiasi.

Kilichonigusa ni vanila. Mwongozaji alikuwa ametoka nje kupokea simu, kwa hiyo dada aliyekuwa kaunta, mchanganyaji mwenyewe, akachukua nafasi yake bila kujiandaa. Alishika ganda la vanila mkononi. Akatueleza kwamba mmea huu umetoka Meksiko, na kwamba ulipopandwa nchi nyingine ulitoa maua bila kuzaa, miaka nenda rudi, na wataalamu wa Ulaya wakashindwa kuupatia njia rahisi ya kuuchavusha. Kisha akamtaja Edmond Albius. Mtumwa, mtoto wa miaka 12, kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi, mwaka 1841. Kwa kijiti chembamba aliinua kile kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, akazikutanisha kwa kidole gumba. Basi. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa asubuhi, ua moja moja, na mpaka leo mashambani hufanywa kwa njia ya mtoto yule.

Dada hakuishia hapo. Alisema kwamba mtaalamu mmoja wa mimea alijaribu kudai ugunduzi ule ni wake, na kwamba Edmond aliachwa huru utumwa ulipofutwa mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880 wakati wengine wametajirika kwa vanila. Hakupunguza sukari katika hadithi wala hakuongeza. Meza iliyokuwa ikicheka dakika chache kabla ilitulia kabisa. Nilimwuliza kama ile vanila imelowekwa kwenye pombe kwa muda gani, akanijibu papo hapo: wiki tatu, maganda mawili kwa chupa, na kama nina mzio wa chochote nimwambie. Mnaona? Inawezekana. Mtu anaweza kuwa baa na bado akajua alichotia.

Kwa muda ule nilikuwa tayari kusamehe. Nilijiambia labda mwongozaji alikuwa na siku mbaya, na nikaanza kufikiria nani nitamwalika nije naye tena.

Kisha akarudi na glasi ya mwisho, yenye kungumanga iliyokunwa juu ya povu. Akatupa ile hadithi inayopendwa: Waingereza na Waholanzi, Mkataba wa Breda wa mwaka 1667, kisiwa kidogo cha Run, kimoja cha visiwa vya Banda katika Indonesia ya leo, kikabaki kwa Waholanzi na Manhattan ikabaki kwa Waingereza. "Kungumanga kwa New York!" akapaza sauti, glasi juu. Kuhusu mwaka 1621, pale Mholanzi Jan Pieterszoon Coen alipoviteka visiwa hivyo vya Banda kwa ajili ya kungumanga hiyohiyo, wenyeji wakauawa, wakafa njaa au wakachukuliwa utumwani mpaka visiwa vikabaki karibu vitupu, hakusema hata neno moja. Na sisi tunagonganisha glasi. Nilimtazama mzee wa kando yangu. Na hii pia hakuinywa.

Siku chache baadaye niliwaandikia. Niliuliza mambo matatu tu: gramu ngapi za gome kwa lita, linachujwa kwa kitu gani, na mgeni anayetumia dawa anaonywa saa ngapi. Walijibu kwamba wanasikitika sikuifurahia ladha, na kwamba nikirudi nitapewa glasi moja bure. Ladha! Ladha ilikuwa nzuri. Uchungu wake ulikaa vizuri na mchaichai, nakiri hivyo mpaka sasa, na ndiyo maana mtu anaweza kumaliza glasi tatu bila kujua anachokifanya.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa sababu ya vanila. Nimefika hapa na siwezi. Natoa moja, nayo si ya baa, ni ya dada wa kaunta. Mkienda, kaeni karibu naye, mwulizeni juu ya Edmond Albius na mmwache aongee. Toniki ya kupikwa iacheni mezani mpaka siku itakapoandikwa kwenye menyu ina kwinini kiasi gani na nani asiinywe. Au basi, msiende kabisa mpaka waiandike. Dada yule anastahili mahali bora pa kufanyia kazi.

Na kama yule mzee atayasoma haya: ulifanya vyema kuisogeza ile glasi, na ulikuwa na haki ya kuuliza. Mwulize daktari wako au mfamasia kuhusu toniki yoyote, hata ile ya dukani, kabla hujaionja.